Huntha, Hanithi na Alama ya Kuuliza: Uhakiki wa Fasili Zetu

Utangulizi

Katika muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri aya moja fupi ya Kiingereza. Aya hiyo ilihusu sensa ya Kenya ya Agosti 2019, ambayo kwa mara ya kwanza nchini humo iliwahesabu watu ambao maumbile yao ya kijinsi hayawezi kuingizwa moja kwa moja katika safu ya wanaume wala ya wanawake. Katika wakazi milioni 47.6, watu 1,524 waliandikwa hivyo. Aya yenyewe haikuwa ngumu. Palikuwa na neno moja tu lililowashinda wanafunzi, nalo ni jina la watu hao.

Nilipokusanya karatasi nilikuta majibu ya kila aina. Wapo walioandika "huntha". Wapo walioandika "hanithi". Wengine waliandika "watu wa jinsia mbili", wengine "watu wenye jinsia tata", na wachache waliandika "mashoga". Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa kawaida hakosi neno, aliacha nafasi wazi katikati ya sentensi, akaendelea na tafsiri yake kana kwamba hakuna kilichopungua.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaanza kukata kila "hanithi". Siku ya kurudisha karatasi, mmoja wa waliokatwa alinyanyua mkono. Alikuwa na kijitabu cha nakala zilizodurufiwa, alichorithi kwa wanafunzi waliomtangulia. Katika orodha ya msamiati wa watu palikuwa pameandikwa "huntha/hanithi", maneno mawili yakitenganishwa na mkwaju, kama tunavyoandika visawe. Niliutambua mpangilio wa orodha hiyo mara moja. Ilikuwa orodha yangu mwenyewe, niliyoiandaa katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha.

Makala haya basi ni uhakiki, na wa kwanza kuhakikiwa ni mwandishi wake. Lengo ni kuyachunguza majina tunayoyatumia na fasili zinazoambatana nayo. Hoja yangu ni kwamba kasoro kubwa haiko katika majina yenyewe, bali katika hesabu tuliyoifunga ndani yake: hesabu ya "mbili". Sarufi ya Kiswahili haikutulazimisha kuhesabu hivyo. Tumefanya hivyo wenyewe, katika kamusi, katika magazeti na ubaoni.

Maumbile yenyewe

Hatuwezi kuihakiki fasili bila kukijua kinachofasiliwa. Kwa hiyo naomba wasomaji wanivumilie niingie kidogo katika uwanja wa biolojia.

Mimba changa, hadi kufikia takriban wiki ya sita, haina tofauti ya kiungo inayoonekana kati ya mtoto wa kike na wa kiume. Viungo vya uzazi vya wote huanza kutokana na chembechembe zilezile. Baada ya hapo, jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa katika kromosomu Y, huanzisha ukuaji wa korodani. Korodani nazo hutoa homoni, na homoni hizo huuelekeza mwili. Safari hii ina hatua nyingi, na katika kila hatua mwili unaweza kushika njia ambayo si ile ya walio wengi.

Nitatoa mifano miwili tu. Yupo mtu mwenye kromosomu XY na korodani zilizojificha tumboni, lakini seli zake haziitikii kabisa homoni zinazojenga mwili wa kiume. Huzaliwa akiwa na umbo la mtoto wa kike, hulelewa kama msichana, na mara nyingi jambo hili hugunduliwa pale anapobalehe bila kupata hedhi. Yupo pia mtoto mwenye kromosomu XX na mfuko wa uzazi, ambaye tezi zilizo juu ya figo zake hutoa homoni kupita kiasi tangu akiwa tumboni, hata sehemu zake za nje zikaonekana kama za mtoto wa kiume. Baadhi ya watoto wa kundi hili la pili hupoteza chumvi mwilini, na wasipotibiwa wanaweza kufa katika wiki za mwanzo za maisha.

Katika mifano hii miwili, hakuna mtu mwenye seti mbili kamili za viungo. Wa kwanza ana umbo la nje ambalo halizui swali lolote. Wa pili ana viungo vya ndani vya kike. Walio wengi katika watu tunaowazungumzia wako hivyo: tofauti yao iko katika kromosomu, katika homoni, katika tezi za uzazi au katika umbo la nje, na mara nyingine haionekani mpaka utu uzima. Mtu mwenye viungo kamili vya aina zote mbili, kama wanavyomfikiria watu wengi mitaani, hapatikani.

Sasa tufungue kamusi zetu. Kidahizo "huntha" huelezwa kwa maneno machache: mtu aliye na viungo vya uzazi vya kike na vya kiume. Msomaji huondoka na picha ya kiumbe mwenye viwili viwili. Kwa fasili hiyo, msichana wa mfano wa kwanza si huntha, na mtoto wa mfano wa pili pengine si huntha. Fasili inawaacha nje wale hasa iliyopaswa kuwaeleza, kisha inamkaribisha mtu asiyekuwapo.

Huntha si hanithi

Maneno haya mawili yametoka Uarabuni, na wanaisimu wanajua kwamba yana mzizi mmoja wa konsonanti tatu, kh-n-th, wenye maana ya kulegea au kupindika. Undugu wa mzizi ndio ulionipoteza mimi. Nilidhani kwamba maneno yenye mzizi mmoja ni visawe. Kwa mantiki hiyo ningeweza kuwafundisha wanafunzi kwamba "kitabu" na "katibu" ni kitu kimoja.

Huntha ni neno la maumbile. Liliingia katika lugha yetu likiwa limebeba mjadala mzito wa wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, waliokuwa na maswali ya vitendo: mtu huyu asimame safu gani katika sala? Arithi fungu gani? Nani atamwosha akifa? Walitofautisha kati ya huntha ambaye hali yake imebainika na yule ambaye haijabainika, na huyu wa pili wakamwita huntha mushkili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, utaratibu wa mirathi ni kumpa yeye na warithi wenzake kile kisichokuwa na shaka, na sehemu yenye utata ikasimamishwa mpaka hali ibainike au warithi wapatane. Hoja za fikihi si za makala haya. Ninachotaka kionekane ni kwamba neno huntha lilipokuja halikuja kama tusi. Lilikuja kama istilahi ya watu waliokuwa tayari kusubiri.

Hanithi ni neno la tabia na la uwezo. Kamusi humweleza kuwa mwanamume asiye na nguvu za kiume, na katika matumizi ya mitaani ni tusi analotupiwa mwanamume anayedaiwa kujifanya mwanamke au kulala na wanaume. Katika Oman, neno la mzizi huohuo limetumika kwa wanaume wanaochukua nafasi fulani katika jamii. Mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika juu yao mwaka 1977, kutokana na utafiti wake katika mji wa Sohar. Huko nako linahusu mwenendo na nafasi ya mtu katika jamii, wala si maumbile aliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika "huntha/hanithi" hatoi visawe. Anamchukua mtoto mchanga, ambaye hajafanya lolote duniani isipokuwa kuzaliwa, na kumbandika tusi la watu wazima. Hilo ndilo nililolifanya, na kijitabu kile kinaonyesha kwamba lilisafiri mbali kuliko nilivyodhani.

"Jinsia mbili" na "jinsia tata"

Vyombo vya habari vya Kiswahili vimejaribu kulikwepa neno huntha, pengine kwa kuona kwamba ni gumu au limechafuka. Badala yake tunasikia "mtu mwenye jinsia mbili" na "mtu mwenye jinsia tata". Nia ni njema. Hizi ni tasifida. Hata hivyo, tasifida nayo huhakikiwa.

Tuanze na "jinsia mbili". Kwanza, wataalamu wengi wa masuala haya hutofautisha "jinsi", yaani maumbile ya kike au ya kiume, na "jinsia", yaani majukumu na matarajio ambayo jamii huyaambatanisha na maumbile hayo. Fomu nyingi za Tanzania huandika "Jinsi: Me/Ke", na zipo sahihi. Ikiwa tunaikubali tofauti hiyo darasani, hatuwezi kuitupa tunapofika hapa. Jambo tunalolizungumzia ni la jinsi.

Pili, wasikilizaji wetu wamezoea kusikia "ndoa za jinsia moja" na "mapenzi ya jinsia moja". Akili ikishazoea mfuatano huo, "jinsia mbili" huonekana kuwa ni mwendelezo wa hesabu ileile. Naamini wanafunzi wangu walioandika "mashoga" walipita njia hiyo. Hawakuwa na chuki. Waliongozwa na mfanano wa maneno mpaka wakafika mahali pasipo pao. Nani anampenda nani ni suala moja. Mtoto amezaliwa na mwili gani ni suala jingine kabisa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, "mbili" inarudia kosa la kamusi.

"Jinsia tata" ina afadhali kwa sababu haihesabu. Lakini tujiulize, utata uko kwa nani? Katika isimu tunasema sentensi ni tata pale msikilizaji anapopata maana zaidi ya moja. Utata uko kati ya sentensi na msikilizaji. Vivyo hivyo, mwili wa mtoto si tata kwake mwenyewe. Unapumua, unanyonya, unalala. Utata unaanza pale tunapofika sisi na fomu yenye visanduku viwili.

Jirani yetu wa Burundi anatupa mfano wa karibu. Francine Niyonsaba alipata medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba mwili wake una kiwango kikubwa cha testosteroni kwa maumbile, na mwaka huohuo kanuni za shirikisho la riadha duniani zikamzuia yeye na wenzake kukimbia mbio za kati ya mita 400 na maili moja bila kutumia dawa za kuishusha homoni hiyo. Alihamia mbio ndefu, na tarehe 14 Septemba 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000, iliyodumu hadi 2024. Watangazaji walimweleza kwa maneno "mwanamke mwenye homoni za kiume". Testosteroni imo katika miili ya wanawake na wanaume. Kinachotofautiana ni kiwango. Mtu anaweza kuunga mkono kanuni za riadha au kuzipinga, na mjadala huo una hoja nzito pande zote mbili. Lakini kifungu "homoni za kiume" kinautoa uamuzi kabla hoja hazijasikilizwa.

Ikinyabibiri na suala la ngeli

Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Rwanda tuna mzigo wa ziada. Wanafunzi wetu hawaji darasani mikono mitupu; wanakuja na Kinyarwanda. Katika Kinyarwanda neno lililozoeleka ni "ikinyabibiri". Tulichambue. Kiambishi cha mwanzo ni iki-, ndugu wa KI- yetu katika ngeli ya KI-VI. Mwishoni mna "bibiri", yaani viwili. Hapa tena tunaikuta hesabu ileile, safari hii ikiwa imeingia ndani ya mofolojia ya neno.

Jambo la upatanisho wa kisarufi linahitaji uangalifu zaidi. Katika Kiswahili, nomino ya KI-VI inapomtaja mtu au mnyama hupatanishwa kwa A-WA. Tunasema "kipofu amefika", "kiziwi amefika", "kiongozi amefika". Katika Kinyarwanda nomino hubaki na upatanisho wa ngeli yake: "igisambo cyafashwe", yaani mwizi amekamatwa, huku kitenzi kikimfuata mwizi kana kwamba ni kitu. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "kipofu kimefika", na sisi hukata kwa kalamu nyekundu bila kueleza. Nashauri tueleze. Kiswahili kina kanuni inayosema kwamba chochote kiitwacho kwa jina lolote, kikishakuwa na uhai, hupatanishwa kama mtu. Hii ni kanuni nzuri ya kuanzia somo.

Isidhaniwe kwamba nadai Kinyarwanda kinawadharau watu. Kiambishi hakina dhamira, na tuna "kijana" na "kiongozi" wanaoishi katika KI-VI bila kuona haya. Aidha, Kinyarwanda kimekwisha kuonyesha kwamba lugha inaweza kujirekebisha. Neno "ikimuga" lilikuwa la kawaida kwa mtu mwenye ulemavu. Leo katika lugha rasmi husemwa "abantu bafite ubumuga", yaani watu wenye ulemavu. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. Ikiwa tuliweza kufanya hivyo kwa kundi moja, hatuna kisingizio kwa jingine.

Tena lugha zetu hizi mbili zina utajiri ambao Kifaransa, lugha waliyosomea wengi wa walimu wa rika langu, hakina. Mfaransa hawezi kusema sentensi mbili kuhusu mtoto bila kuchagua kati ya "il" na "elle". Sisi tunasema "amezaliwa", "analia", "amelala", "anaitwa nani?" na hakuna aliyejua wala aliyehitaji kujua. Wageni wanaokuja kumwona mtoto huuliza, "Umuhungu cyangwa umukobwa?", yaani mvulana au msichana, lakini swali hilo linatokana na desturi. Sarufi haikuwatuma.

Fomu ndizo hutuma. Katika namba ya kitambulisho tulichokizoea Wanyarwanda, chenye tarakimu 16, tarakimu inayofuata mwaka wa kuzaliwa ni 8 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Kila mmoja wetu anatembea nayo mfukoni. Mtoto ambaye kiambishi a- kinamtosha kabisa nyumbani, siku moja atahitaji 7 au 8.

Fasili inapofika mahakamani

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya maneno tu, na maneno hayamvunji mtu mfupa. Namwomba aangalie yaliyotokea Kenya.

Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya mfungwa aliyetajwa kwa herufi R.M., aliyekuwa amewekwa katika gereza la Kamiti pamoja na wanaume na kufanyiwa upekuzi wa kudhalilisha mbele ya wengine. Mahakama ilikubali kwamba alitendewa kinyume cha utu, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi 500,000 za Kenya. Lakini ilikataa kuanzisha kundi la tatu la jinsi katika sheria, na ilieleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa idadi ya watu wa aina yake nchini. Kwa maneno mengine, hawakuhesabika kwa sababu hawakuwa wamehesabiwa.

Kisha ikaja kesi ya mtoto aliyeitwa "Baby A". Alizaliwa Mei 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Katika karatasi za hospitali, mahali pa kuandika jinsi ya mtoto, palikuwa pameandikwa alama ya kuuliza. Mama yake, akisaidiwa na shirika la kutetea watoto, alikwenda mahakamani akilalamika kwamba alama hiyo inaivunjia heshima haki ya mwanawe ya kutambuliwa kisheria. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola alimtaka Mwanasheria Mkuu atoe taarifa katika siku 90 kuhusu hatua za kisheria za kuwalinda watoto wa aina hiyo. Mwaka 2017 kiliundwa kikosi kazi, na 2019 ikafuata sensa niliyoitaja mwanzoni.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na alama za uakifishi ndizo kazi yangu. Alama ile ya kuuliza nimeifikiria sana. Mwandishi wake huenda alikuwa mtu mwaminifu kuliko wote katika mkasa huu: hakujua, akaandika kwamba hajui. Tatizo ni kwamba fomu haikuwa na mahali pa kusubiri. Wanazuoni wa kale walisimamisha fungu lenye utata na kuendelea kumtambua mrithi. Fomu ya kisasa ilisimamisha utambulisho wa mtoto mwenyewe.

Sasa tazama fasili zilivyobadilika. Sheria ya Kenya ya 2014 kuhusu watu walionyimwa uhuru ilimweleza mtu wa aina hii kuwa ni aliyethibitishwa na daktari kwamba ana viungo vya uzazi vya kiume na vya kike. Ni fasili ya kamusi zetu, neno kwa neno karibu. Mfungwa asiye na "viwili" hangepata ulinzi wake. Sheria ya Watoto ya 2022 iliiacha hesabu hiyo. Yenyewe inazungumzia mtoto ambaye tabia za kijinsi za mwili wake haziwezi kuwekwa upande mmoja tu, kutokana na umbo, homoni, tezi au kromosomu, na inakubali kwamba hali hiyo inaweza kujitokeza kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, utotoni, katika balehe au ukubwani. Sheria hiyohiyo inaweka mipaka kwa upasuaji wa kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto huyo. Kwa miaka minane tu, watunga sheria walitoka katika fasili mbovu wakafika katika fasili inayofanya kazi. Uganda nayo, katika kifungu cha 38 cha sheria yake ya 2015 ya kusajili watu, iliruhusu kubadilisha taarifa za mtoto wa aina hii baada ya upasuaji, lakini kwa kutumia istilahi ya zamani ya Kiingereza iliyotokana na jina la mungu wa Kigiriki, mungu mwenye viwili viwili.

Hata takwimu zinategemea fasili. Watafiti waliojumuisha kila tofauti ya kromosomu, homoni na umbo walipata makadirio ya watu 17 katika kila 1,000. Mwenzao aliyeibana fasili alipata 18 katika kila 100,000. Hawakugombania miili, waligombania kidahizo. Sensa ya Kenya ilipata takriban watu watatu katika kila 100,000, pungufu hata ya makadirio finyu, na si ajabu: wengi hawajui hali yao, na wanaojua hawamwambii karani aliyesimama mlangoni mbele ya majirani.

Mapendekezo

Wapo watakaosema tuache neno huntha tukope moja kwa moja kutoka Kiingereza, tuseme "intaseksi", kama wanavyofanya baadhi ya watetezi wa haki. Sina ugomvi na anayejiita hivyo. Mwenye jina ndiye mwenye uamuzi. Lakini kwa darasa na kamusi naona huntha linatosha, kwa sababu ni letu, ni fupi, linapatanishwa kwa A-WA bila taabu, na lina historia ya kujadiliwa kwa heshima. Kinachohitaji matibabu ni fasili yake. Napendekeza ifuatayo, nikitarajia wenzangu wairekebishe: huntha ni mtu au mnyama ambaye maumbile yake ya kijinsi, yaani kromosomu, homoni, tezi au viungo vya uzazi, hayalingani kikamilifu na yale yanayozoeleka kwa jike au kwa dume. Hakuna "mbili" ndani yake.

Pili, tuandike katika miongozo yetu kwamba hanithi si kisawe cha huntha, na tuwaambie wanafunzi sababu. Tatu, tunapomzungumzia mtu mahususi, tutumie jina lake. Istilahi ni ya makala, ya kamusi na ya hospitali. Nne, mwalimu akiulizwa darasani asicheke wala asiruhusu kucheka. Shuleni mwetu hakuna anayejua ni nani kati ya waliokaa mbele yake swali hilo linamhusu.

Hitimisho

Nimebakiza karatasi moja, ile yenye nafasi wazi. Nilimwita mwanafunzi yule baada ya kipindi, nikamuuliza kwa nini hakujaza. Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, maneno nilikuwa nayo. Lakini nyumbani kwetu tuna mtoto kama huyo, na yote niliyokuwa nayo ni yale ambayo majirani humwita mama akimkemea mtu asiyaseme." Nikamuuliza wao wanamwitaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, akanitajia jina la mtoto, jina zuri la Kinyarwanda, la kawaida kabisa.

Sikumkata alama. Orodha yangu ya zamani nimeiandika upya, na nakala yake iko katika ofisi ya idara. Wenye kijitabu kile cha zamani nawaomba wachukue kalamu wafute mkwaju, walipe kila neno mstari wake na maana yake.